Mti wa Madundu na Firigisi ya Kuku

Sisi Wakonzo hatuna haja ya kumuuliza mtu amezaliwa wa ngapi. Jina linasema lenyewe. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Kathembo, na kuendelea hivyo hadi mama achoke. Wasichana nao wana majina yao, na msichana wa kwanza ni Masika. Huyo ni mimi. Kwa mama yetu niliwatangulia wavulana wote, ila hilo hakuna aliyewahi kuliulizia. Ukisikia jina la mtu sokoni Bwera unajua papo hapo nani wa kupewa kiti na nani wa kutumwa maji. Ni mpango mzuri na umetuletea amani nyingi. Mwaka jana ulituletea vita.

Vita hiyo ilianzia kwenye mavi, na sitatafuta neno laini zaidi, kwa sababu Ronah mwenyewe halitafuti. Ronah ni binti wa ndugu yangu Kathembo. Watoto wa wenzetu walikwenda chuo kikuu kusomea sheria na uhasibu. Wa kwetu alikwenda kusomea madundu, wale weusi wanaoishi kwenye kinyesi, ambao vitabuni wanaitwa mbawakawa kana kwamba jina zuri litawaondolea harufu. Anachimba shimo dogo, anafukia kikombe, juu yake anatundika bonge la mavi, kisha anakwenda zake kulala. Asubuhi anarudi na kumshukuru Mungu kwa alichokuta.

Alizunguka nchi yetu yote hivyo. Maliba, chini ya milima, alichokonoa kinyesi cha ng'ombe wa Baluku, mkubwa wa ndugu zangu wanaume. Nyakiyumbu alichokonoa cha mbuzi. Kasenyi, kule ziwani, alikwenda kutafuta cha viboko, wavuvi wakaacha nyavu zao kumtazama msichana wa watu akipiga magoti mbele ya lundo na kutabasamu. Kila dundu alimkata mguu mmoja akautia kwenye kichupa cha spiriti. Baluku alipoiona ile spiriti alisikitika sana. Alisema ni dhambi kumlewesha mdudu wakati kuna binadamu wenye kiu.

Hata mchumba wake alimpata kwa njia hiyo hiyo. Omara ni polisi wa mpakani Mpondwe, mtoto wa mwanajeshi kutoka Lira, amekulia kambini. Siku hiyo alisimamisha bodaboda aliyopanda Ronah.

"Iko nini mu hii mufuko?"

"Mavi, afande."

"Unanitusi?"

"Hapana, afande. Ni mavi kweli."

"Fungua!"

Akafungua. Omara akachungulia, akafunga mwenyewe taratibu, akarudi nyuma hatua kadhaa. Wiki iliyofuata alimtafuta amwombe msamaha, na baada ya hapo msamaha ukawa hauishi. Mimi nilimpenda kijana huyo tangu mwanzo. Mwanamume aliyekuona na mfuko wa mavi na bado akakutafuta, hatakukimbia kwa sababu ya mchuzi ulioungua.

Sasa, ile miguu ilipelekwa maabara Kampala. Ronah alinieleza kinachofanyika huko, tukiwa tumekaa kwenye kibanda changu cha mitumba, na nilielewa kuliko baba yake mwalimu. Ndani ya mguu wa dundu mna vinasaba, maandishi marefu ambayo dundu ameyarithi kwa mama na baba yake, nao wakayarithi kwa wazazi wao. Kila kizazi kinanakili, na mara moja moja kinakosea herufi, na kosa hilo nalo linarithiwa. Ukiyaweka maandishi ya madundu wawili pamoja, yale makosa ndiyo alama zako.

"Shangazi, ni kama makanisa mbili inaimba wimbo moja, na zote mbili zinakosea pahali pamoja," aliniambia. "Unajua tu walifundishwa na mwalimu moja."

"Na sura?"

"Sura inadanganya. Wawili wanafanana kabisa na si ndugu. Wengine huyu ana pembe, huyu hana, na ni ndugu ya karibu."

Hilo nalo halikunishangaza. Nimeuza nguo miaka mingi, najua sura ya kitu si kitu.

Kosa lake, na hapa nampenda lakini nasema kweli, lilikuwa kuwapa wale madundu majina. Alikuwa amekamata aina tano za kundi moja, baadhi yao hawajapewa jina na mtaalamu yeyote, naye alichoka kuwaita kwa namba. Akawaita kwa majina ya kwetu, kwa kufuata nani alikamatwa kwanza. Wa kwanza alitoka Maliba kwa Baluku: dundu mkubwa, mweusi wa kung'aa, mwenye pembe kichwani. Huyo akawa Baluku. Ndugu yangu alifurahi mpaka akaitangaza habari hiyo kanisani, baada ya matangazo ya sadaka. Wakafuata Bwambale, Masereka na Kule. Wa tano alikuwa mdogo, rangi ya chai iliyolala, na alikamatwa Bwera nyuma ya choo cha baba yake. Huyo akawa Kathembo.

Lazima umjue Kathembo ndipo uelewe. Ni mwalimu mkuu mstaafu, shemasi, mtu anayepiga pasi leso. Baluku hajawahi kupiga pasi chochote. Na mwaka mzima Baluku hakumpa ndugu yake nafasi ya kupumua.

"Wabukire, dundu ya choo," alimsalimia kwenye simu kila Jumapili, halafu akacheka peke yake mpaka salio likaisha.

Ndipo majibu yakatoka. Ronah alikuja nayo nyumbani kwao Bwera siku ambayo sote tulikutana kupanga utambulisho wake, ile sherehe ambayo ukoo wa mchumba unaleta mahari. Omara alikuwepo, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, kila mtu na chake. Upande wa Omara kwao mahari ni ng'ombe. Sisi tulitaka mbuzi. Baba yake Omara alipoambiwa hivyo alifurahi kiasi cha kuuliza mara ya pili, asije akawa anaota. Mbuzi hao wangepokelewa na Baluku, aliyekalia kiti cha marehemu baba yetu. Bila Baluku hakuna wa kuwapokea, na mbuzi wasipopokelewa hakuna ndoa. Hilo nalo halina mjadala kwetu.

Ronah alitundika karatasi ndefu ukutani, mwisho wake wa chini ukapotelea nyuma ya kochi. Juu yake ulichorwa mti, na kwenye ncha za matawi yameandikwa majina yetu. Kathembo alivaa miwani akausogelea.

"Nani hii ya kwanza kutoka kwa hii muti?"

"Ile ya nyuma ya choo, baba. Ni Kathembo," Ronah akasema. "Iliachana na hawa wengine nne zamani sana. Baluku na Kule ndio waliachana juzi juzi."

Juzi ya madundu, alimaanisha, ambayo ni miaka maelfu. Lakini Kathembo alikuwa ameshaondoa miwani.

"Kwa hiyo Kathembo ndio mukubwa."

"Hapana, baba. Muti haisemi nani mukubwa. Tawi ikigawanyika mara mbili, zote mbili zina miaka sawasawa. Inasema tu nani aliachana na nani, na mbele ya nani."

"Kathembo ya kwanza," baba yake akasema, polepole, kama mtu anayeonja asali. "Baluku ya mwisho, pamoja na Kule. Mashini ya Kampala imesema."

Tulicheka wote, hata Baluku, kidogo. Kisha Naome, mke wa Kathembo, akaleta chakula: bundu, ule ugali wetu wa muhogo, sombe ya majani yake, na kuku. Firigisi aliiweka juu ya sahani ya Baluku, mahali ilipowekwa siku zote tangu baba yetu azikwe. Kathembo akaomba, na sala yake ni ndefu, akasema amina, akanyoosha uma kuvuka meza yote, akaichoma firigisi ile.

"Hii iko yangu," Baluku akasema.

"Ilikuwa yako," Kathembo akasema, akaitia kinywani, akatafuna.

Baluku hakufoka. Angefoka tungejua la kufanya. Aliinuka, akachukua kofia yake kwenye msumari, akaiweka kichwani akiwa bado ndani ya nyumba, jambo ambalo hafanyi.

"Siku mbuzi ikikuja," akasema, "ipokelewe na ile dundu."

Akaondoka kwa miguu hadi barabarani. Kathembo bado alikuwa anatafuna. Firigisi si kitu cha kumeza haraka, ukiiba ya mtu utakaa nayo.

Nilidhani ni hasira ya kuku, itaisha na kuku. Haikuisha. Baluku hakupokea simu. Kisha akatuma neno kwa mtu wa sokoni: atakuja kwenye utambulisho, lakini Ronah arekebishe kwanza ule mti, Baluku awe wa kwanza na Kathembo arudi nyuma ya choo chake. Kathembo aliposikia akajibu kwamba ataenda Kasese mjini kuuchapisha mti uleule kwa ukubwa wa shuka na kuutundika ndani ya hema, wageni wa Lira wauone. Watu wazima, wote wawili wana wajukuu.

Siku zilikuwa zimebaki chache. Ronah alikuja kibandani kwangu, akakaa juu ya rundo la masweta, akalia.

"Nikibadilisha ni uongo, Shangazi. Walimu yangu watakamata. Na hata wasikamate, mimi nitajua."

"Usibadilishe."

"Halafu nani atapokea mbuzi? Watu ya Omara wamekodi gari. Mama yake amenunua gomesi ya kuvaa siku hiyo."

Omara, aliyekuwa amesimama mlangoni na sare yake, alisema anaweza kwenda Maliba kumkamata mzee kwa muda tu, kwa heshima. Nilimwambia aende zake kazini. Nikafunga kibanda mchana kweupe, nikamwambia Ronah alete ile karatasi yake.

Njiani kwenda Maliba nilikuwa nafikiri. Ninajua kwa nini Baluku aliumia, na haikuwa njaa. Baba yetu alipokufa, Baluku aliacha shule akashika jembe, na kahawa yake ndiyo iliyomsomesha Kathembo mpaka akawa mwalimu wa kupiga pasi leso. Hajadai hata siku moja. Alidai firigisi tu.

Tulimkuta kwenye kahawa yake. Alituona akainama, akawa anaung'oa kwa bidii mmea ambao haukuwa gugu. Sikumsalimia kwanza, ingawa ni desturi. Nilimwambia Ronah aitandaze karatasi juu ya turubai la kuanikia kahawa, aweke mawe kwenye pembe, isipeperushwe na upepo. Kisha tukakaa kando kama watu waliokuja kupumzika. Baluku alikaza uzi na mmea wake, halafu akasogea, halafu akasogea tena. Mwisho alisimama juu ya karatasi, mikono nyuma.

"Umerekebisha?"

"Hapana, baba mukubwa. Iko vile ilikuwa. Siwezi."

Akaguna. Macho yake yakateremka, yakapita matawi yote, yakafika chini kabisa, kwenye ule mwisho uliokuwa umefichwa na kochi siku ile. Pale palikuwa na tawi moja pekee, mbali na mengine.

"Na hii ya peke yake, iko nani?"

Ronah akatazama viatu vyake. "Hiyo haiko ya kundi. Ni ya inje. Niliitoa Kasenyi. Lazima uweke moja ya inje, ndio ujue muti inaanzia wapi."

"Jina yake?"

Akainama kusogeza jiwe ambalo halikuhitaji kusogezwa.

"Nimeuliza jina yake."

"Masika," akasema, kwa sauti ya panya.

Nilidhani nitampiga kofi. Mimi! Mimi niliyembeba siku ya kubatizwa kwake, niliyemfundisha kusuka, niliyefunga kibanda siku ya soko kwa ajili ya mbuzi zake, leo ni wa nje?

"Usikasirike, Shangazi! Ni ile inasukuma bonge kubwa kuliko yeye mwenyewe. Inasukuma na miguu ya nyuma, kichwa chini, kilima kwa kilima, haisimami. Nikakukumbuka wewe na mabelo yako ya nguo." Alikuwa anaongea haraka, machozi karibu. "Na bila yeye muti haisimami. Hawa watano unajua tu nani iko karibu na nani. Mwanzo haujui. Yeye ndio anaonyesha mwanzo."

Baluku alichuchumaa. Aliweka kidole kwenye lile tawi la chini.

"Na huyu aliachana na wengine wakati gani?"

"Mbele ya wote."

Alilifuata tawi lile kwa kidole mpaka shinani. Kisha akavua kofia.

"Hata mashini inajua," akasema.

Mashine haikujua kitu. Ronah alifungua mdomo aeleze tena kwamba hakuna mkubwa kwenye mti, kwamba matawi yote yana umri sawa, kwamba jina ni jina tu. Nilimkanyaga mguu. Sayansi inaweza kusahihishwa Jumatatu.

"Baluku," nikasema. "Nani alizaliwa mbele, mimi ao wewe?"

"Wewe."

"Wakati mama alikuwa shambani, nani alikubeba mugongoni?"

"Wewe, Masika."

"Na mbuzi ulitoa kwa kuoa bibi yako, ilitoka wapi?"

Alilitazama jembe lake. Mbuzi hao walikuwa mahari yangu. Walitoka kwa mwanajeshi aliyenioa nikiwa bado naipenda shule, wakalala nyumbani kwetu msimu mmoja, kisha wakaenda kumletea Baluku mke. Ndivyo inavyofanyika, na hakuna aliyenikosea. Lakini hakuna aliyewahi kulitamka pia.

"Ilikuwa yako," akasema.

"Basi firigisi ni ya nani?"

Ndugu yangu alinitazama, na nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mimi sina kitu ingine," akasema. "Kathembo ana vyeti, ana mutoto ya chuo, watu wanamuita mwalimu. Mimi nilikuwa na ile tu. Wakiweka ile kwa sahani yangu, najua bado niko mutu wa mbele."

Hasira zangu zote ziliniishia hapo. Nilimpenda kama nilivyompenda alipokuwa mzito mgongoni kwangu na kamasi zake zinanitiririkia shingoni. Nikamwambia hivyo hivyo, pamoja na kamasi. Akacheka akiwa analia, Ronah naye akaanza, tukawa wajinga watatu juu ya turubai la kahawa.

"Utakuja?" nikamuuliza.

"Nitakuja. Lakini Kathembo asishike uma."

Siku ya utambulisho mti wa ukubwa wa shuka haukuonekana. Nilikuwa nimefika alfajiri na kung'oa misumari yote ya kutundikia vitu ndani ya hema. Kathembo alizunguka na karatasi yake ameikunja kwapani, anatafuta pa kutundika, mwisho akaikalia. Watu wa Lira walishuka na gari lao na mbuzi wao, mama Omara na gomesi inayong'aa. Baluku aliwapokea mbuzi mmoja mmoja, akawashika mgongo, akakosoa mmoja kwa desturi tu, akakubali wote. Ronah alipiga magoti, na uso wake nitaukumbuka. Siku hiyo hakuwa na harufu ya kitu chochote ila sabuni.

Kisha chakula. Naome alikuja na sahani ya kuku kwenye meza yetu, akasimama katikati asijue aiweke upande gani. Kathembo alikuwa amefumbata mikono yake mapajani, uma uko mbali, na nilimwona anamwangalia kaka yake kama mtoto aliyevunja chungu. Hakuwa na furaha na ukubwa wake, maskini. Nadhani hakuwa nayo tangu alipomeza.

Baluku akainuka.

"Wageni," akasema, "kwetu firigisi ni ya mukubwa wa nyumba. Mimi nimeikula miaka mingi, na ndugu yangu aliikula siku moja. Wote tulikosea."

Akashika kiti chake, kile cha baba yetu, akakiburuta mpaka nyuma yangu.

"Kaa hapa, Masika."

Wamama wa kanisa walishika midomo. Mwanamke kwenye kiti hicho, na sahani hiyo! Nilitaka kukataa, kwa adabu, kama tulivyofundishwa. Lakini miguu yangu ilikuwa imeshakaa. Kathembo naye aliinuka bila kuambiwa na mtu. Nilidhani anaondoka. Alirudi na birika na beseni, leso yake iliyopigwa pasi begani, mvulana wa tano, akainama akanimwagia maji mikononi mbele ya watu wote. Baada ya kunawa alinipangusa vidole kwa ile leso.

Nikaichukua firigisi nikaila. Sikuwa nimewahi kuionja. Ni ngumu, ndugu zangu, na haina ladha ya kushangaza, na meno yangu siyo yale ya zamani. Sikuigawa. Nilitafuna polepole mpaka ikaisha, wote wawili wamesimama pembeni wananitazama, na machozi yananitoka bila kuniomba ruhusa. Omara, mtoto mwema, aliinama akaniuliza kama ni pilipili imezidi. Nikamwambia ndiyo, ni pilipili. Naome hakuwa ametia pilipili.